Mwambie Bibi Helena

Akheri, Jumapili, Machi 9, 1947

Mvua imeanza leo tukiwa kanisani. Ilipiga bati hata mchungaji akanyamaza, akafunga Biblia yake, akangoja. Watu walitazamana wakitabasamu, maana vumbi lilikuwa limetuchosha na kahawa ilikuwa inangoja maji ifungue maua.

Ninaanza kuandika leo kwa sababu nina mimba ya miezi saba. Mwaka juzi nilizaa mtoto wa kiume ambaye hakulia. Safari hii nimejiwekea nadhiri: nitaandika mema ninayotendewa mpaka nijifungue, nisije nikamshukuru Mungu kwa jumla jumla tu, kama mtu anayesalimia umati.

Jema la kwanza ni mvua. La pili ni mume wangu Elisaria, aliyerudi kutoka vita vya Burma na viungo vyake vyote. Leo amenishikia jani la mgomba juu ya kichwa kutoka kanisani mpaka nyumbani, mbele ya wanaume wenzake, na hakuona haya.

Jumatano, Machi 12

Mvua. Miguu imevimba. Mama mkwe ameniwekea maji ya moto yenye chumvi bila kusema neno.

Jumatatu, Machi 17

Niseme kazi yangu. Ni mhudumu katika hospitali ya kambi ya Wapolandi, pale Tengeru, chini ya kwetu ukivuka mto. Wapolandi ni wazungu waliofukuzwa makwao na vita, wengi wao wanawake na watoto. Serikali iliwajengea vibanda vya duara, vyeupe, vimeezekwa nyasi, na mbele ya kila kibanda wamepanda maua. Walipokuja, miaka mitano iliyopita, watu wa hapa walisema: wazungu wengine tena, na ardhi nyingine tena imekwenda. Na mimi nilisema hivyo.

Katika wodi ya wazazi nawatumikia wawili. Bibi Helena ni nesi, ana miaka kama arobaini, mrefu, na Kiswahili chake ni kizuri kwa sababu alijifunza sokoni kwa mama zetu wauza ndizi. Bibi Yadwiga ni mkunga, mzee, mfupi, mikono mipana kama ya mkulima. Maneno yake ya Kiswahili ni machache na yote ni amri. Leta. Toa. Osha tena. Namwogopa. Bibi Helena nampenda.

Hawa wawili wanaishi kibanda kimoja. Leo, tukikunja mashuka, Bibi Helena amenieleza kwa nini.

"Mwaka wa thelathini na tisa," alisema, "Mjerumani aliingia nchini kwetu kwa mlango wa mbele, na Mrusi kwa mlango wa nyuma. Warusi walimpiga baba yangu risasi. Sisi walitupakia kwenye mabehewa ya ng'ombe, wakatupeleka Siberia kukata miti. Yadwiga alikuwa behewa moja na mimi. Sikumjua."

Baadaye Mjerumani alimgeukia Mrusi, na Mrusi akataka urafiki na Mwingereza, ndipo wakafunguliwa. Walishuka kusini kwa miguu na kwa treni. Huko njiani binti yake Bibi Helena, Zosia, mwenye miaka sita, alikufa kwa homa ya matumbo.

"Jembe halikuwapo," alisema. "Yadwiga alichimba kaburi kwa mfuniko wa sufuria. Mimi sikuwa na nguvu hata ya kusimama. Alichimba peke yake."

Nimerudi nyumbani nikifikiri juu ya mikono ile mipana.

Alhamisi, Machi 20

Elisaria amesikiliza redio kwenye duka la Mhindi. Mawaziri wa nchi nne kubwa wanakutana Moscow kujadili Ujerumani. "Tulipokuwa Burma tuliambiwa Mrusi ni ndugu yetu," alisema. "Sasa Mmarekani anasema Mrusi ni hatari kwa dunia nzima. Sijui ni nani kati yao aliyebadilika."

Kahawa imetoa maua. Shamba zima jeupe, na harufu inaingia mpaka jikoni.

Alhamisi, Machi 27

Jana wageni walikuja kambini: mjumbe wa serikali mpya ya Poland kutoka Warsaw, ile iliyosimikwa na Warusi, na ofisa Mwingereza. Watu walijaa ukumbini. Mimi nilikuwa nyuma nagawa chai, sikuelewa maneno, ila niliona. Mjumbe alikuwa mtu mwembamba, viatu vyake vimelowa. Alisema kwa muda. Baadhi ya wanawake walianza kupiga sakafu kwa miguu ili asisikike. Kisha Bibi Helena akasimama akauliza jambo, na miguu ikaacha kupiga sakafu, na mjumbe akaangalia viatu vyake.

Leo Bibi Helena amenieleza. Mjumbe aliwataka warudi nyumbani, nchi inajengwa upya. Mwingereza akaongeza kwamba kambi haitakuwapo milele. Ndipo Bibi Helena akauliza, "Nyumbani kwangu ni mji wa Lwów. Utanirudisha Lwów?" Mjumbe akajibu kwamba Lwów sasa ni ya Warusi, lakini atapewa nyumba nyingine upande wa magharibi, ambako Wajerumani wameondolewa.

"Wakubwa watatu walikaa mezani," aliniambia, "Mwingereza, Mmarekani na Mrusi, wakasogeza mpaka kwenye ramani. Nyumba yangu haijahama, Eunike. Nchi ndiyo iliyohama."

Yangekuwa hayo tu, wangelia pamoja wote wawili. Lakini mkutano ulipokwisha, mjumbe alimwendea Bibi Yadwiga akamwambia kwamba mwanawe Stefan, ambaye mama yake hakupata habari zake tangu vita vianze, yu hai. Anafanya kazi ya reli katika nchi hiyo mpya ya magharibi. Mjumbe alisema amemwona kwa macho yake, na kwamba Stefan akicheka hufunika mdomo kwa mkono, kama mama yake alivyomjua.

Bibi Yadwiga alikwenda moja kwa moja mezani akaandikisha jina lake kurudi.

"Kila mtu mwenye meno mabovu hufunika mdomo akicheka," alisema Bibi Helena. "Warusi wanajua kutega. Mtu wa namna ile anaweza kusema amemwona hata marehemu."

Nimemsimulia Elisaria maneno ya nchi kuhama. Alikaa mlangoni akitazama mvua, kisha akauliza kama ni kweli kwamba jaji mzungu ameandika taarifa ya kugawa upya mashamba yetu sisi Wameru na ya walowezi. Nilimwambia sijui. Alisema atamwuliza mchungaji.

Jumamosi, Machi 29

Bibi Helena amefunga blanketi katikati ya kibanda chao. Upande mmoja kitanda chake, upande mwingine cha Bibi Yadwiga. Amesema hatazungumza na mtu anayekwenda kwa Warusi.

Jumatano, Aprili 2

Wodini sasa mambo ni hivi. Bibi Helena amesimama hapa, Bibi Yadwiga pale, mama mzazi kitandani kati yao, na mimi mlangoni na tumbo langu.

"Eunike, mwambie Bibi Yadwiga alete maji ya moto."

Namgeukia. "Bibi Yadwiga, Bibi Helena anaomba maji ya moto."

"Eunika, ambia Bibi Helena, maji iko mbele ya macho yake."

Wote wawili ni Wapolandi, wanaijua lugha yao tangu kunyonya, na wanasemezana kwa Kiswahili kupitia kwa Mmeru. Mama aliyekuwa kitandani alicheka kati ya uchungu na uchungu. Mimi sikuthubutu.

Jumapili, Aprili 6. Pasaka

Nilipita kambini kuwasalimu baada ya ibada yetu. Kanisani kwao Bibi Yadwiga alikaa benchi la nyuma pamoja na wachache wanaorudi Poland. Nafasi za pande zao zote mbili ziliachwa wazi, kana kwamba wana ndui. Bibi Helena alikaa mbele. Kila mmoja wa wale mabibi wawili alinipa yai lililopakwa rangi, bila mwenzake kujua. Nimekula yote mawili njiani. Namshukuru Mungu kwa mayai, hata kama yametolewa kwa uchungu.

Ijumaa, Aprili 11

Leo nilithubutu kumwuliza Bibi Yadwiga, tukiwa wawili tu, kama haogopi. Alikuwa anapasha vyombo moto. Alifikiri, akitafuta maneno.

"Naogopa," akasema. "Mimi najua Mrusi kuliko Helena. Lakini mtoto yangu moja. Serikali mingi."

Kisha akanishika tumbo, bila kuomba ruhusa, akabonyeza huku na huku. Uso wake ukabadilika kidogo. "Kichwa iko juu," alisema. "Bado mapema. Atageuka."

Jumanne, Aprili 15

Elisaria ameanza kuniita Balozi. "Balozi, mazungumzo yamefika wapi leo?" Nikamwambia yamekwama kwenye beseni. Mama mkwe, ambaye hacheki ovyo, aligeuka akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Jumamosi, Aprili 19

Mvua imelowesha kila kitu, na Bibi Yadwiga anakohoa. Leo nimesema uongo. Nilimwambia, "Bibi Helena ameuliza kikohozi chako kinaendeleaje." Hakuuliza. Lakini nilikuwa nimemwona akisimama kila anaposikia kikohozi kile, na shuka mkononi, mpaka kinapokwisha ndipo anaendelea na kazi. Nikaona kwamba nimesema tu kile alichozuiwa na kiburi chake kukisema.

Jioni Bibi Yadwiga alinipa soksi za sufu alizofuma mwenyewe. "Pelekea Helena. Miguu yake baridi siku zote."

Nilipeleka. Bibi Helena alizipokea, akazigeuza geuza, akazivaa. Njia nzima ya kupanda nyumbani nilijisikia mwepesi.

Ijumaa, Aprili 25

Redio imesema mawaziri wametawanyika Moscow bila kupatana. Na mimi mazungumzo yangu yamevunjika siku hiyo hiyo.

Bibi Yadwiga, moyo ulipomlainika, alisema jana kupitia blanketi, kwa Kipolandi, "Asante kwa kuuliza kikohozi changu." Bibi Helena akajibu, "Sikuuliza."

Leo asubuhi walikuwa wananingoja wote wawili. Bibi Helena alizivua soksi, akaziweka mezani. "Mimi nimeishi kati ya waongo wa serikali tatu," aliniambia. "Sikutegemea wa nne atoke kwako." Bibi Yadwiga alinitazama tu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Nililia njiani. Elisaria alisema, "Ulitaka mema." Mama mkwe akasema, "Kesho rudi kazini mapema." Maneno yote mawili yalinisaidia, la pili zaidi.

Jumamosi, Mei 3

Sikukuu yao kubwa ya taifa. Bendera, nyimbo, watoto wamevaa nguo nyeupe katika matope. Wale wanaorudi hawakualikwa. Bibi Yadwiga alibaki wodini akasugua sakafu ambayo mimi nilikuwa nimeisugua. Nilipiga magoti kwa shida nikasugua naye. Hakunifukuza.

Jumatano, Mei 14

Sasa ninaweza kushika kalamu. Niandike yote.

Alhamisi iliyopita, tarehe nane, nilishuka kazini ingawa mgongo uliuma tangu alfajiri. Mvua ilikuwa imenyesha juu mlimani usiku kucha, na nilivuka mto ukiwa umefika magotini. Mchana, nikiwa chumba cha kufulia, chupa ya uzazi ikavunjika. Sisi wafanyakazi Waafrika hatukuwa na kitanda pale. Kawaida yetu ni kupanda Nkoaranga, hospitali ya misheni. Bibi Helena alituma mtu atazame mto. Alirudi akasema daraja la magogo limechukuliwa, na kwamba Elisaria amesimama ng'ambo, maji yakipita kati yake na sisi na miti mizima ndani yake.

Daktari alikuwa amekwenda Arusha. Bibi Helena alinishika mkono akanipeleka kwenye wodi ya Wapolandi, akanilaza kitanda cha dirishani. Mzee wa stoo alipokuja mlangoni kusema kanuni, alimfungia mlango usoni.

Bibi Yadwiga alinawa, akanipima. Alifunga macho alipokuwa akinipima. Kisha akasema jambo kwa Kipolandi, na nikajua ni zito, kwa sababu hakunituma mimi nilipeleke. Alimwambia Bibi Helena moja kwa moja. Baadaye niliambiwa: mtoto hakuwa amegeuka. Alikuwa anakuja kwa makalio.

Walisemezana tangu hapo bila kusita. Sikuelewa neno, lakini nilielewa walivyosema: mmoja anaanza, mwingine anamalizia, kama watu wanaonyanyua mzigo waliouzoea. Bibi Helena alipanda kitandani nyuma yangu akanikumbatia kifuani mwake. Alininong'oneza kwa Kiswahili, "Yadwiga anasema usisukume. Ngoja. Ngoja mpaka akuambie." Nilingoja. Sijui kama nitawahi kungoja kitu kingine namna ile. Nilifikiri juu ya yule wa mwaka juzi. Nilisema kwa sauti, "Huyu naye atakufa." Bibi Yadwiga alisikia, akaniangalia kutoka huko alikokuwa, mikono yake ile mipana ikiwa ndani ya kazi.

"Hapana leo," akasema. "Sasa. Sukuma."

Makalio, miguu, mabega. Kisha kichwa kikakawia. Bibi Helena aliacha kunong'ona, na nikasikia moyo wake ukipiga mgongoni kwangu. Bibi Yadwiga alimlaza mtoto juu ya mkono wake, akaingiza kidole, akamwinua polepole kama mtu anayefungua kifundo cha uzi. Kikatoka.

Hakulia. Alikuwa wa rangi ya majivu. Bibi Helena alishuka kitandani sijui vipi, akampokea, akamfuta mdomo, akampulizia pumzi ndogo ndogo, huku Bibi Yadwiga akimsugua mgongo kwa taulo kwa nguvu hata nikadhani atamvunja. Vichwa vyao vilikuwa vimegusana. Mvua ilikuwa imezidi, lakini nasema kweli, nilisikia pale pumzi ilipomshika. Sauti ndogo, kama mlango mkavu ukifunguka. Kisha kilio.

Msichana.

Walipomaliza kunishughulikia walikaa sakafuni wote wawili, wameegemea ukuta, aproni zao zimejaa damu yangu. Bibi Yadwiga akasema, bila kumtazama mwenzake, "Eunika. Ambia Bibi Helena alete maji."

Bibi Helena alitazama mbele. "Eunike, mwambie Bibi Yadwiga nimechoka. Akachote mwenyewe."

Kisha wakacheka. Walicheka mpaka Bibi Helena akaanza kulia, na yule mzee akamvuta kichwa akakiweka begani, akasema naye kwa lugha yao taratibu.

Elisaria alivuka kesho yake asubuhi, maji yakimfika kifuani. Aliingia wodini akidondosha matope, akasimama mbele ya wale wazungu wawili, akavua kofia. Alikuwa ametunga hotuba, najua, maana ni mtu wa maneno. Hakuweza. Aliwashika mikono mmoja mmoja, na kila mkono aliushika kwa mikono yake miwili.

Jumanne, Mei 20

Mama mkwe ni mzaliwa wa Machame. Ndiye aliyetoa jina: Aika, yaani asante kwa lugha ya kwao. Sikujua kama mwanamke huyu mkimya alikuwa na neno hilo kubwa kiasi hicho ndani yake. Ananilisha mtori wa ndizi na nyama asubuhi na jioni.

Jumapili, Mei 25

Bibi Helena na Bibi Yadwiga wamepanda mpaka kwetu kumwona mtoto, wamebeba viatu mikononi kwa sababu ya utelezi. Nilidhani wamepatana. Hawajapatana. Walibishana barazani kwa Kipolandi mtori ukapoa. Bibi Helena alinieleza, "Namwambia asiende. Ananiambia nije naye. Kila mmoja anamwona mwenzake mjinga."

Mume wa Bibi Helena yuko Uingereza na jeshi la Wapolandi waliopigana Italia. Anasema akirudi Poland atafungwa. Kwa hiyo mmoja atakwenda kwa Mwingereza, na mwingine kwa wale waliomfukuza.

Bibi Yadwiga alikula bakuli mbili.

Alhamisi, Juni 5

Leo wameondoka wanaorudi. Lori la kuwapeleka stesheni lilisimama nje ya lango la kambi. Nilishuka na Aika mgongoni.

Watu wa kambi walitoka wakasimama milangoni mwa vibanda vyao, kando ya barabara yote ya katikati. Hakuna aliyepunga mkono. Wale wanaoondoka walipopita na mabegi yao, wengine waliwageuzia migongo. Bibi Yadwiga alitoka wa mwisho. Sanduku lake lilikuwa zito, lakini hakuwa amelibeba. Lilibebwa na Bibi Helena. Mkono wake mwingine ulikuwa umeshikana na wa Bibi Yadwiga, kiwiko kwa kiwiko, wakatembea katikati ya barabara ile polepole, kwa mwendo wa yule mzee.

Katikati ya njia mwanamke mmoja alisema jambo kwa sauti kutoka mlangoni. Bibi Helena alisimama akamjibu kwa maneno machache, kisha wakaendelea.

Kwenye lori Bibi Yadwiga alimbusu Aika kichwani, akanibonyeza tumbo langu tupu kama mtu anayekagua kazi yake. "Mzuri," akasema. Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi. Nilipiga magoti kwenye matope kama ninavyompigia mama yangu, na nikasema, "Shikamoo, mama." Hakulijua jibu lake. Aliniinua.

Lori lilipokwisha kuondoka nikamwuliza Bibi Helena yule mwanamke alisema nini.

"Aliuliza kama na mimi nimekuwa wa Warusi."

"Ukamjibuje?"

"Nilimwambia mimi ni wa Yadwiga."

Alhamisi, Juni 12

Mvua imekatika. Mlima umeonekana wote, tangu msituni mpaka kileleni. Nimepalilia maharage na Aika mgongoni.

Jumamosi, Agosti 30

Nilidhani nimemaliza kuandika, lakini leo lazima niongeze.

Tulikuwa tunachuma kahawa, mimi, Elisaria na mama mkwe, Bibi Helena akatokea akihema, mashavu mekundu. Amepata barua. Bibi Yadwiga amefika salama. Barua ni fupi, kwa sababu inafunguliwa njiani na watu wa serikali. Anasema viazi vya huko ni vizuri. Anauliza kama Aika ameota jino. Na anasema Stefan alimngoja stesheni siku tatu mfululizo, kwa sababu hakujua atakuja na treni ipi.

Bibi Helena alikaa chini kati ya mibuni. "Nilimwambia mwanawe amekufa," alisema. "Nilimwambia usoni, mara nyingi. Nilikosea."

Elisaria, ambaye mambo ya dunia hayamtoki kichwani, akamwuliza kwa heshima, "Na juu ya Warusi, Bibi?"

"Juu ya Warusi sijakosea."

Mama mkwe hakuwa ameelewa habari ya Warusi wala ya reli. Alielewa kwamba mtoto wa yule mkunga yu hai. Aliinua uso kuelekea mlimani akasema, "Aika," na mtoto mgongoni kwangu akageuka akidhani ameitwa. Kisha mama mkwe akampa Bibi Helena kikapu, maana kazi ilikuwa nyingi, na tukachuma pamoja mpaka jua likawa kali.